Mabanda ya kuku ya chakavu: Ubao huo ulitoka wapi?

Nyuma ya nyumba nyingi za Dar es Salaam, kuanzia Kimara na Mbezi hadi Mbagala na Gongo la Mboto, banda la kuku hujengwa kwa vitu ambavyo vimekwisha kufanya kazi nyingine: mabati yaliyoezuliwa kwenye nyumba ya zamani, mbao zilizofungia zege, paleti zilizotoka bandarini na mizigo, grili ya dirisha lisilokuwa na nyumba tena, na vipande vya wavu vilivyoshonwa pamoja kwa waya wa kufungia nondo. Banda la namna hiyo husimama kwa muda mfupi, hugharimu sehemu ndogo ya fedha ambazo zingetumika kununua vifaa vipya, na likijengwa vizuri hudumu kwa miaka.

Udhaifu wake mkubwa hauonekani kwa macho. Kuku hudonoa kila kilicho mbele yake, kuanzia rangi inayobanduka ukutani na kutu ya bati hadi kichwa cha msumari na udongo ulio chini ya miguu yake, na baadhi ya sumu zinazoingia mwilini mwake kwa njia hiyo hutoka kupitia yai. Katika kaya nyingi yai hilo hupewa mtoto kwanza. Kwa sababu hiyo, swali ambalo mjenzi wa banda la chakavu hulazimika kulijibu kabla ya kushika nyundo linahusu historia ya kila kipande: kilikuwa wapi, kilifanya kazi gani, na kilipakwa nini.

Mradi wa uani

Ufugaji wa kuku katika mji huu una umri mkubwa kuliko wengi wa wafugaji wa leo. Katika miaka ya 1980, mshahara wa mtumishi wa umma uliposhuka thamani kiasi cha kutotosha hata chakula cha mwezi, familia nyingi zilianzisha kile kilichoitwa mradi, yaani shughuli ndogo ya nyumbani ya kuongeza kipato, na kuku walikuwa miongoni mwa miradi iliyoenea zaidi, kwa makarani, kwa walimu na hata kwa wahadhiri wa chuo kikuu. Mtaalamu wa siasa Aili Mari Tripp, aliyefanya utafiti jijini humo na kuchapisha kitabu cha Changing the Rules mwaka 1997, alionyesha jinsi shughuli hizo zilivyozibeba kaya katika kipindi ambacho mshahara ulikuwa umebaki kuwa nyongeza tu. Saruji na mabati vilikuwa adimu, kwa hiyo banda lilijengwa kwa kilichopatikana.

Leo maduka ya vifaa vya ujenzi yamejaa bidhaa, lakini bei zake hazijawahi kuwa rafiki wa mtu anayetaka kuanza na kuku 20 au 30. Chakavu, yaani kifaa kilichokwisha kutumika lakini ambacho bado kina nguvu, hupatikana kwa njia kadhaa. Kila jengo la ghorofa linalopanda huacha mirunda, mbao na vipande vya plaiwudi ya kumwagia zege, na kila nyumba inayobomolewa huacha kenchi, milango na mabati. Mwaka 2017, nyumba zilizokuwa kando ya Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kibaha zilipobomolewa kupisha upanuzi wa barabara hiyo, wenyewe waliokoa kilichoweza kuokolewa, na vifaa vya aina hiyo huendelea kupita mkono hadi mkono kwa miaka mingi baada ya nyumba kusahaulika.

Kipo pia chanzo ambacho hakithaminiwi ipasavyo, nacho ni mabanzi, yaani vipande vya nje vya gogo ambavyo hukatwa kwanza ili kulipa gogo umbo la mraba kabla ya kupasuliwa mbao. Mabanzi ya misonobari hutoka kwenye viwanda vya kupasua mbao vya nyanda za juu kusini, hasa vile vinavyotegemea misitu ya Sao Hill wilayani Mufindi. Banzi lisilotiwa dawa halijawahi kuwa kitu kingine chochote isipokuwa mti, na kwa usalama wa kuku hilo lina uzito kuliko unyoofu wala uzuri wake. Kinachotakiwa ni kulimenya gome, kwa kuwa wadudu hujificha chini yake.

Muhuri wa paleti

Paleti, yaani jukwaa la mbao linalowekwa chini ya shehena ili iweze kunyanyuliwa kwa mashine, imekuwa kifaa kinachopendwa na wajenzi wa mabanda kwa sababu mbao zake tayari zina urefu sawa na nafasi za kupitisha hewa. Tofauti na chakavu nyingine, paleti iliyovuka mpaka wa nchi hubeba kitambulisho chake.

Tangu mwaka 2002 kumekuwapo kanuni ya kimataifa, inayojulikana kwa jina la ISPM 15, inayotaka mbao za kufungashia mizigo zitibiwe ili zisisafirishe wadudu waharibifu kutoka nchi moja hadi nyingine. Paleti iliyotibiwa hupigwa muhuri wenye alama ya suke la ngano, herufi mbili za nchi ilikotibiwa, namba ya mtengenezaji, na herufi zinazoeleza aina ya tiba. Herufi HT zina maana kwamba mbao zilipashwa moto hadi kiini chake kikafikia nyuzi joto 56 za Selsiasi na kukaa katika joto hilo kwa dakika 30 mfululizo. Herufi MB zina maana kwamba mbao zilifukizwa kwa gesi ya methaili bromaidi.

Gesi hiyo ni sumu kali, na kwa kuwa huharibu tabaka la ozoni matumizi yake ya kawaida yalipangiwa kukoma mwaka 2005 katika nchi zilizoendelea na mwaka 2015 katika nchi zinazoendelea, kwa mujibu wa Itifaki ya Montreal. Hata hivyo, ufukizaji wa mizigo inayovuka mipaka uliachwa nje ya katazo hilo, ndiyo maana muhuri wa MB bado unaweza kukutwa kwenye paleti. Kwa haki ya maelezo ni lazima isemwe kwamba sehemu kubwa ya gesi hupotea hewani na kwamba anayehatarishwa zaidi ni mfanyakazi anayefukiza. Lakini kwa kuwa paleti za HT zipo kwa wingi, hakuna sababu ya msingi ya mfugaji kuchukua ya MB.

Muhuri, pamoja na manufaa yake yote, hauelezi jambo moja kubwa, yaani shehena iliyobebwa. Paleti yenye HT iliyowahi kubeba madumu ya viuatilifu, betri za magari au mafuta ya mitambo inaweza kuwa imenyonya kilichomwagika. Doa jeusi lililopenya ndani ya nyuzi za ubao, au harufu kali inayotoka pale ubao unaporandwa kidogo, ni sababu tosha ya kuuacha ulipo.

> Muhuri hueleza jinsi ubao ulivyotibiwa. Doa na harufu hueleza ulichobeba.

Mbao za dawa na oili chafu

Mbao za kenchi zinazouzwa kama mbao za dawa kwa kawaida huwa na rangi inayoelekea ukijani, ambayo hutokana na mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki unaosukumwa ndani ya ubao ili mchwa na kuvu wasiushambulie. Dawa hiyo hufanya kazi yake vizuri mno, na nguzo nyingi za umeme hudumu kwa sababu yake. Lakini aseniki ni sumu kwa kuku na kwa binadamu, na ndiyo sababu nchini Marekani watengenezaji waliacha kuitumia kwenye mbao za makazi ilipofika mwisho wa mwaka 2003.

Ubao wa namna hiyo haulazimiki kutupwa. Ukikaa juu, kwenye kenchi ya banda, mahali ambapo mdomo wa kuku haufiki na mvua haiuoshi, unaweza kuendelea na kazi ileile iliyokusudiwa tangu mwanzo. Hautakiwi kamwe kuwa fito ya kulalia, kiota, chombo cha chakula wala ukuta wa chini, na maranda yake, yaani mabaki membamba yanayotoka kwenye randa, hayatakiwi kutandikwa sakafuni.

Suala la maranda ni zito kwa sababu wafugaji wengi huyachukua kwa viroba kwenye karakana za maseremala bila kuuliza ni mbao gani zilizorandwa. Mwaka 1966 watafiti walieleza katika jarida la Science kwamba ladha ya uvundo kwenye mayai na nyama ya kuku ilitokana na kemikali ya jamii ya klorini iitwayo tetrakloroanisoli, na tafiti zilizofuata ziliihusisha na matandiko ya maranda ya mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia kuvu, ambayo vijidudu vya kwenye matandiko viliigeuza kuwa kemikali hiyo. Mfugaji anayemwomba fundi amtengee maranda ya misonobari isiyo na dawa anaomba jambo dogo, na mafundi wengi hulielewa wakielezwa.

Oili chafu, yaani mafuta ya injini yaliyokwisha kutumika, ni tatizo jingine. Hupakwa kwenye vibao vya kufungia zege ili saruji isinate, na hupakwa tena kwenye nguzo za mabanda ili mchwa asipande. Mafuta hayo hukusanya chembe za metali kutoka kwenye injini pamoja na kemikali zinazoweza kusababisha saratani, na ubao ulioyanywa hauoshwi ukasafika. Nguzo inaweza kukingwa dhidi ya mchwa kwa kuisimamisha juu ya jiwe au kikombe cha zege badala ya kuizika ardhini, na mlinzi wa kudumu zaidi ni kuukagua mguu wa nguzo mara kwa mara na kuvunja njia za udongo ambazo mchwa huzijenga.

Vifaa viwili haviruhusu mjadala wowote. Cha kwanza ni mbao, milango na fremu zenye rangi kuukuu inayobanduka, kwa kuwa rangi nyingi za mafuta za miaka iliyopita zilitiwa risasi, ile metali laini na nzito ambayo kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Cha pili ni vigae na mabamba ya saruji yenye asbesto, nyuzi za madini ambazo zikivutwa na pumzi husababisha saratani ya mapafu na ya utando unaoyazunguka, na ambazo Kenya ilizipiga marufuku mwaka 2006. Bamba la asbesto likikatwa kwa msumeno au kupasuliwa kwa nyundo ndipo linapokuwa hatari zaidi, na hayo ndiyo hasa anayofanya mjenzi wa banda.

Kinachofika kwenye yai

Hofu hizi zingeweza kuonekana kama woga wa wasomi, kama mayai yenyewe yasingepimwa. Mwaka 2019 mtandao wa mashirika ya mazingira wa IPEN na Basel Action Network vilitoa matokeo ya uchunguzi wa mayai ya kuku waliokuwa wakizurura Agbogbloshie, mjini Accra nchini Ghana, mahali palipojulikana kwa kuvunjia vifaa vya umeme na kuchoma nyaya ili kupata shaba. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, mtu mzima ambaye angekula yai moja tu kutoka hapo angezidi mara 220 kikomo cha siku cha dioksini kilichowekwa na mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya. Dioksini ni kundi la sumu zinazozaliwa pale plastiki zenye klorini zinapoungua, na hukaa kwenye mafuta ya mwili, ambayo kwa kuku ni pamoja na kiini cha yai.

Mfano wa pili unatoka mahali ambapo hapafanani kabisa na jalala. Mwaka 2022 watafiti wa Australia walichapisha vipimo vya mayai ya kuku waliofugwa nyuma ya nyumba jijini Sydney, na kukuta kwamba kwa wastani yalikuwa na risasi takribani mara 40 ya ile iliyokutwa kwenye mayai ya dukani. Chanzo kikuu kilikuwa udongo wa mitaa ya zamani, uliokusanya risasi kutoka kwenye rangi za nyumba na moshi wa petroli ya miaka iliyopita.

Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi ilipofika mwaka 2006, lakini risasi haiozi, na udongo wa kando ya barabara kuu huitunza. Kwa makadirio ya watafiti, kuku aliyefunguliwa kwenye eneo lililokwisha nyasi anaweza kumeza hadi gramu 30 za udongo kwa siku. Ina maana kwamba banda zuri lililojengwa mahali palipokuwa pakichomewa takataka, au palipokuwa gereji, haliwezi kumwokoa anayekula mayai yake. Mahali pa kujenga pana uzito sawa na vifaa vya kujengea, na udongo wenye shaka unaweza kufunikwa kwa tabaka la udongo safi uliotoka mbali na barabara, au kwa sakafu.

Ofisa mifugo na fundi

Wataalamu wa mifugo kwa desturi hupendekeza ukuta wa tofali uliopigwa lipu na sakafu ya saruji. Sababu yao ni ya kitabibu: ukuta laini huoshwa na kupuliziwa dawa, ilhali ubao mkuukuu una nyufa, na nyufa ni makazi.

Wanaoishi humo ni wawili hasa. Utitiri mwekundu ni mdudu mdogo sana anayejificha kwenye nyufa mchana na kutoka usiku kunyonya damu, na banda likiachwa tupu anaweza kuishi bila chakula kwa miezi kadhaa. Papasi wa kuku, ambaye ni kupe mwenye ngozi laini, ana subira kubwa zaidi, kwa kuwa huweza kukaa miaka bila kunyonya. Kwa hiyo anayenunua banda la mitumba lililokaa tupu tangu mwaka jana, akidhani kwamba ukimya wake ni usafi, huenda analeta nyumbani njaa ya muda mrefu.

Upande wa pili, ule wa fundi, hujibu kwamba ushauri wa tofali na saruji humfaa mwenye mtaji, na kwamba kaya inayongojea mtaji huo huishia kufuga kuku wanaolala juu ya mti au jikoni. Hoja hii ina uzito wake, na inafaa kusemwa wazi kwamba ofisa mifugo yuko sahihi kuhusu nyufa lakini si kila banda la mbao linastahili kukataliwa. Ubao unaweza kuchemshiwa maji na kumwagiwa, ukakaushwa juani, nyufa zake zikazibwa, kisha ukapakwa chokaa nzito inayoingia ndani ya mianya. Fito za kulalia zinaweza kuwekwa juu ya vishikizo bila kupigiliwa misumari, ili zitolewe na kuanikwa.

Kipimo cha kujua kama utitiri wamo hakigharimu chochote. Usiku, kuku wakiwa wamelala, kitambaa cheupe hupitishwa kwa nguvu upande wa chini wa fito, mahali inapokutana na kishikizo, kisha huangaliwa kwa tochi. Kikitoka na michirizi myekundu, hiyo ni damu ya kuku iliyomo ndani ya utitiri waliopondwa, na kazi ya kuchemsha maji huanza asubuhi hiyo.

Jambo ambalo pande zote mbili hukubaliana ni kwamba hakuna ukuta unaozuia mdondo, ugonjwa wa virusi unaoitwa pia kideri, ambao unaweza kuua karibu kuku wote wasiochanjwa. Chanjo ya I-2, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Queensland cha Australia na ambayo nchini huzalishwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, huvumilia joto kuliko chanjo nyingi na hutolewa kwa tone moja jichoni, kisha hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Fedha iliyookolewa kwenye mbao ina matumizi yake ya kwanza hapo.

Waya ndiyo fedha

Matumizi ya pili ni wavu. Ule wenye matundu ya pembe sita, unaouzwa kila mahali kama wavu wa kuku, humzuia kuku asitoke lakini haumzuii adui asiingie: panya hupita, nyoka hupita, na kicheche huupasua ukishaanza kutu. Wavu wa nusu inchi uliochomelewa kila makutano ya waya hugharimu zaidi, na ni kati ya vitu vichache katika banda hili vinavyofaa kununuliwa vipya. Ukosefu wa fedha ukilazimu, basi wavu huo utumike kwenye sentimita 60 za chini na kwenye kila tundu la hewa, huku kipande chake kikizikwa ardhini kina cha sentimita 30 ili anayechimba akutane nacho.

Grili ya dirisha kuukuu, iliyokwanguliwa kutu na kuvalishwa wavu huo, hufanya mlango ambao mbwa hauvunji. Kwa uwanja wa kuzurura, wavu wa kuvulia samaki uliochakaa, wa aina inayopatikana kwenye mialo kama Kunduchi, hutosha kufunika juu, kwa kuwa adui wa mchana wa vifaranga jijini ni kunguru wa Kihindi, ndege aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na ambaye sasa ametawala pwani yote.

> Ubao unaweza kuwa wa jana. Wavu na chanjo viwe vya leo.

Vipimo vyenyewe havihitaji mtaalamu. Banda la mita mbili kwa mita tatu lina mita sita za mraba, na kwa kiwango cha kuku watano kwa kila mita ya mraba hutosha kuku wakubwa 30. Hao wanahitaji mita sita za fito za kulalia, kwa hesabu ya sentimita 20 kwa kila mmoja, na viota sita au saba. Dumu la lita 20 lililokatwa ubavuni hufanya kiota kizuri kinachooshwa kwa sabuni, ili mradi lilikuwa la mafuta ya kupikia. Dumu la kiuatilifu haligeuki kuwa chombo cha mnyama kwa kuoshwa, hata mara kumi. Linatakiwa kutobolewa ili asilitumie mwingine.

Misumari nayo inataka subira. Anayevunja paleti kwa shoka huacha vipande vya chuma vilivyozama mchangani, ambavyo kuku huviokota kama kokoto na ambavyo huweza kutoboa firigisi yake. Sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu, ikafungwa kamba na kuburutwa polepole sakafuni kabla ya maranda kumwagwa, huibuka na ncha za misumari, vipande vya waya na vijiti vya kuchomelea ambavyo hakuna aliyeviona.

Paa la mabati chakavu ni jambo la joto kuliko la uvujaji. Kuku hana tezi za jasho, hupoza mwili kwa kuhema, na joto likipita nyuzi 30, kama ilivyo kawaida Dar es Salaam kati ya Desemba na Machi, hula kidogo na kupunguza kutaga. Bati lenye kutu hufyonza jua kuliko jipya linalong'aa. Kulipaka chokaa nyeupe juu husaidia, na kutandaza makuti juu yake husaidia zaidi, ingawa makuti yakiwekwa chini ya bati huwa makao ya panya. Upande mrefu wa banda ukielekezwa kaskazini na kusini, jua la asubuhi na la alasiri hukutana na kuta fupi tu.

Jirani, halmashauri na mabaki

Kisheria, ufugaji wa mjini Tanzania ulipewa masharti katika Kanuni za Kilimo cha Mjini za mwaka 1992, ambazo hukumbukwa zaidi kwa kikomo cha ng'ombe wanne. Kampala ilitunga sheria ndogo za mifugo mwaka 2006, na Kaunti ya Nairobi ikapitisha sheria ya kuendeleza na kudhibiti kilimo cha mjini mwaka 2015. Katika miji yote hiyo malalamiko ya jirani ni yaleyale: harufu, nzi na jogoo wa alfajiri. Harufu ni amonia, gesi inayotoka kwenye kinyesi kilicholowa, na huanza kuumiza mapafu ya kuku kabla jirani hajaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Maranda makavu ya kina cha sentimita 10 hadi 15, yanayogeuzwa kila baada ya siku chache, pamoja na paa lisilovuja, huimaliza karibu yote.

Jambo linalostahili kuangaliwa na halmashauri kwa jicho kali zaidi ni mabaki ya ujenzi wenyewe. Mjenzi makini, baada ya kuchagua, hubaki na rundo alilolikataa: vipande vya mbao za dawa, fremu zenye rangi ya kale, bamba la asbesto, dumu la kiuatilifu. Rundo hilo mara nyingi huchomwa uani au hupelekwa jikoni kama kuni, na hapo aseniki iliyokuwa imetulia ndani ya ubao huingia kwenye moshi na kubaki kwenye majivu, majivu yaleyale ambayo wafugaji huwamwagia kuku waogee ili kuua chawa. Visipochomwa, huchanganywa na taka za kawaida zinazokwenda dampo la Pugu Kinyamwezi, mahali ambapo waokota chakavu huvichambua upya na kuvirudisha mtaani vikiwa vimepoteza historia yao yote. Ofisa mifugo wa kata na ofisa afya wa kata hupita kwenye nyua zilezile, na siku moja kwa mwezi ya kukusanya mbao za dawa, asbesto na madumu ya sumu kutoka kwa wakazi ingewagharimu gari, glovu na mahali palipofungwa pa kuvihifadhi.